Mstari wa Namba Kumi na Nne

Lucius Pettaway alikuwa amevaa viatu na kuvivua mara tatu tangu amalize kahawa yake, na hata saa nne asubuhi ilikuwa haijafika. Mtu mzima wa miaka sitini na minane, shemasi wa kanisa, kocha mstaafu mwenye heshima zake, anazunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, anakwenda dirishani. Huko dirishani hakuna cha kuona ila gari bovu la jirani, basi anarudi kitini na goti linaanza upya.

Bintiye Rosalind, aliyekuwa amemletea suti kutoka kwa dobi, alimtazama mpaka akachoka.

"Baba, kesho inapandishwa jezi. Wewe hupandishwi popote. Tulia."

"Nimetulia."

"Umetulia hivyo? Mama angekuwepo angeshakufunga kamba kwenye kiti."

Rosalind alikuwa na kazi katika ofisi ya wahitimu wa Chuo cha Maddrey, na kwa miaka miwili alikuwa amepigania jambo hili kwenye kila kikao. Sasa lilikuwa limetimia. Kesho Jumamosi, wakati wa mapumziko ya mechi ya mpira wa kikapu ya mchana, jezi namba kumi na nne ingevutwa kwa kamba hadi kwenye dari ya ukumbi wa michezo, ikae huko milele pamoja na jezi za magwiji wengine watano. Chini yake imeshonwa: Pettaway, pointi 43, Februari 1951. Hakuna mtu wa Maddrey aliyewahi kufunga pointi nyingi kiasi hicho katika mchezo mmoja, kabla wala baada. Na walifungwa nani? Walifungwa Mtakatifu Barnaba, watani wao wa jadi, watu wasiosemwa vizuri mjini pale hata kanisani.

"Umefanya mazoezi ya kusoma?" Rosalind aliuliza, akichukua funguo zake.

"Kusoma mstari mmoja kunahitaji mazoezi?"

"Mzee Braswell alipopandishiwa ya kwake alilia akashindwa kusoma. Watu wanalisema hadi leo."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Maddrey jezi haipandi hivi hivi. Zamani zile magazeti ya Wazungu hayakujisumbua kuandika habari za chuo cha watu weusi, hata wangefunga pointi elfu. Shahidi wao alikuwa mmoja tu, kitabu cha alama kinachojazwa mezani wakati mchezo unaendelea. Kwa hiyo chuo kimetunza vitabu vyote, na anayepandishiwa jezi hupewa kitabu cha siku ile, husimama katikati ya uwanja, akasoma mstari wake kwa kinywa chake mwenyewe: jina, namba, kipindi cha kwanza, kipindi cha pili, jumla. Ndipo kamba ivutwe. Mtu wa Maddrey anaweza kukusamehe ukimtukania mama, lakini ukisema kitabu kimesema uongo, umetafuta makubwa.

Na kitabu cha siku ile kilisema uongo. Ngoja niueleze huo uongo wenyewe, maana mzee huyu hatakaa kitako mpaka usemwe.

Mchezo ulichezwa kwenye ghala la tumbaku, kwa sababu paa la ukumbi wa Mtakatifu Barnaba lilikuwa limeangushwa na theluji. Maddrey walikwenda na wachezaji saba kwenye magari mawili, na jezi saba, bila ya akiba hata moja. Kipindi cha kwanza Lucius alifunga pointi kumi na mbili, zake halali. Kabla ya filimbi ya mapumziko akarukia mpira, akatua juu ya mguu wa mtu, kifundo kikavimba kama boga. Kipindi cha pili kikaanza yeye yuko benchi, mguu ndani ya ndoo ya theluji. Dakika ya kwanza tu, mlinzi mmoja wa Barnaba akamkamata Cleophus Yancey, namba ishirini na mbili, akamchania jezi kutoka shingoni hadi kiunoni. Refa akasema hachezi mtu kifua wazi. Kocha Hargett akageuka, akamwangalia Lucius, akasema neno moja: "Vua."

Akavua. Akajifunika koti, akakaa, akaitazama namba yake mwenyewe ikifunga bila yeye. Cleo alikuwa na shetani siku hiyo. Alifunga za mbali, za chini ya kikapu, za adhabu, akafikisha thelathini na moja katika kipindi kimoja. Mezani alikaa Mwalimu Faison, bingwa wa Kilatini, ambaye macho yake hayakuona zaidi ya ncha ya kalamu. Pembeni yake kijana alimwitia namba na yeye aliandika. Kumi na nne, mbili. Kumi na nne, moja. Mchezaji akibadilisha namba, kanuni inataka meza iambiwe. Kwa zile fujo na furaha, hakuna aliyekumbuka kuiambia.

Njiani kurudi walicheka mpaka gari likayumba. "Lucius bwana, wewe ni kiboko. Thelathini na moja umekaa kitako, ungesimama ingekuwaje?" Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Kocha alisema Jumatatu atakirekebisha kitabu. Lakini Mwalimu Faison alikuwa ameshapiga simu kwenye gazeti letu la kila wiki, la watu weusi, na gazeti likatoka na picha ya Lucius ukurasa wa mbele. Kocha akawaita wote saba. "Tukianza kusema kitabu chetu kina makosa," alisema, "Barnaba watasema hata ushindi wetu ni makosa. Ushindi ni wa Maddrey. Mezeni." Wakameza. Cleo mwenyewe alipiga bega la Lucius, akasema hewala, pointi ni pointi. Mwezi wa nne Cleo akachukuliwa jeshini, akapelekwa Korea.

Lucius alipata ukocha wa shule ya wilaya mwaka uleule, kwa sababu mkuu wa shule alitaka "yule mtu wa arobaini na tatu". Kazi aliifanya vizuri, miaka thelathini na mmoja, hilo halina ubishi. Lakini mlango ulifunguliwa kwa mkono wa mwingine, na aliujua. Wenzao walikufa mmoja mmoja, wa mwisho wakamzika msimu uliopita wa vuli. Wamebaki wawili. Tena Cleo aliporudi kutoka vitani, alikaa kimya miaka kadhaa kwenye kibanda cha kinyozi akiwasikiliza watu, kisha siku moja akaanza kuisimulia mwenyewe habari ya arobaini na tatu za Lucius, neno kwa neno kama gazeti. Lucius alidhani anafichiwa siri na rafiki muungwana. Kila alipoisikia alitamani ardhi ipasuke.

Kunyamaza aliweza. Miaka arobaini na saba ameweza. Kusoma kwa kinywa, mbele ya watu elfu mbili na mbele ya Cleo aliyekaa pale na tai shingoni, hilo lilikuwa jambo jingine. Alivaa viatu kwa mara ya nne, safari hii akatoka navyo.

Alipita nyumbani kwa Cleo mara mbili bila kusimama. Ya tatu akasimama. Cleo alikuwa bandani, ameifungua injini ya mashine ya kukatia nyasi, vipande vyake vimepangwa juu ya gazeti.

"Nimekuona ukipita," Cleo alisema bila kuinua kichwa. "Nikamwambia Inez, huyu ama kapotea, ama anazichungulia mashine zangu apate kuiba. Karibu, nyota. Nyota imeshuka kwa maskini leo."

"Acha hizo, Cleo. Nataka tuzungumze."

"Zungumza. Masikio hayana kazi, ni mikono tu."

Lucius hakukaa. Alichukua bisibisi, akairudisha, akachukua nyingine. "Kesho nitaambiwa nisome ule mstari."

"Najua. Nimenunua tai. Inez anasema nafanana na mwuza majeneza."

"Siwezi kuusoma."

"Macho? Nitakuazima miwani."

"Si macho, ndugu yangu. Thelathini na moja zile ni zako. Nimechoka. Nimekuja uniambie la kufanya, maana umenifichia vya kutosha."

Cleo aliinua kichwa sasa. Alitabasamu kwanza, kama anayesubiri mzaha ufike mwisho. Mzaha haukufika mwisho, tabasamu likaondoka.

"Umeamka na nini leo?"

"Nilikuwa benchi. Mguu kwenye ndoo. Ulivaa jezi yangu."

"Mguu uliumia mechi ya Barnaba ya mwaka uliofuata."

"Mwaka uliofuata wewe ulikuwa Korea."

Cleo alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. Lucius alimtazama usoni akitafuta dalili ya yule muungwana anayeficha siri, wala hakuiona. Mtu huyu hakuwa akificha kitu. Aliamini.

"Basi ilikuwa mechi nyingine," Cleo alisema. "Sikiliza, Lucius. Mimi siku ile nilifunga nane. Nimewaambia watoto, nimewaambia wajukuu: babu yenu alifunga nane tu, lakini alikuwepo uwanjani, alimpa Lucius Pettaway mipira. Hiyo ndiyo hadithi yangu. Sina nyingine ya mpira. Unataka kunichezea akili kwa sababu umepata woga wa kusimama mbele za watu?"

"Sikuchezei."

"Nitakuambia mimi ilivyokuwa, kama umesahau kwa uzee." Akasimama, akatupa kitambaa mezani. "Imebaki dakika moja, wako mbele kwa pointi moja. Mpira ni ule wetu wa zamani, mshono umefumuka upande mmoja, ukiurusha mshono ukiwa kidoleni unakwenda kombo. Ukaupata pembeni kule kushoto. Ukaugeuza hivi, kidole cha kati kikatafuta mahali palipo laini. Kucha imevunjika, inatoa damu, ukaona utateleza. Ukapangusa haraka kwenye jezi, ukaugeuza tena, mlinzi anakupumulia shingoni, ananuka vitunguu, ukauachia, na kabla haujafika ukajua..."

Mikono ya Cleo ilikuwa imepanda juu yenyewe, imeshika mpira ambao haukuwepo.

"Kucha ya nani, Cleo?" Lucius aliuliza taratibu.

Cleo aliitazama mikono yake. Akaishusha, akaishika moja kwa nyingine kama mtu aliyeungua.

Inez akatokea mlangoni na kuuliza kama shemasi atakula, samaki wa kukaanga wapo na mkate wa mahindi umetoka sasa hivi. Akaangalia huyu, akaangalia yule, akarudi ndani.

"Ondoka," Cleo alisema.

"Cleo."

"Ungeniambia nilipokuwa na miaka thelathini. Nilipokuwa nikienda kuomba kazi na kuambiwa hatukujui, ungeniambia. Leo nina magoti mabovu na mashine za nyasi, ndipo unaniletea, ya nini? Nikae nayo wapi?" "Na usithubutu kunifanyia huruma mbele za watu kesho. Soma kilichoandikwa, uende zako."

Lucius alidhani akishalisema atapumua. Wapi. Alirudi nyumbani na moyo mzito kuliko alivyokwenda nao. Sukuma wiki ya mchana aliiacha kwenye sahani. Alipiga pasi suti iliyotoka kwa dobi. Alipanga mashati, akayapangua. Mwenye haki amemwambia anyamaze, na kunyamaza ndiko alikokutaka maisha yake yote, sasa mbona hakumkai? Kwa sababu kuanzia leo kulikuwa na mtu mmoja zaidi anayejua, na mtu huyo alikuwa amekaa bandani akiitazama mikono yake.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi ngazini. Maddrey walikuwa nyuma kwa pointi nne, lakini hakuna aliyejali. Wakati wa mapumziko taa zilipunguzwa, kinanda kikapigwa, na Lucius akatembezwa hadi katikati na Rosalind aliyekuwa analia tayari. Jezi ilikuwa sakafuni imefungwa kamba, kamba imepita darini, vijana wawili wa timu wameishika ncha. Mtangazaji, mtu mnene mwenye sauti ya mhubiri, alimkabidhi kitabu kwa mikono miwili.

Lucius alimtafuta Cleo akampata, safu ya tatu, tai shingoni, Inez upande huu na wajukuu upande ule. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia viatu vyake.

"Lucius Pettaway," alisoma. Sauti ilitoka nyembamba, akakohoa. "Namba kumi na nne. Kipindi cha kwanza, kumi na mbili."

Watu wakapiga makofi. Alingoja yaishe. Alitazama tarakimu iliyofuata, imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa Mwalimu Faison, na miguu yake yote miwili ilitaka kuondoka.

"Kipindi cha pili," alisema, "mimi sikucheza."

Kwanza walidhani ni utani. Wengine walicheka. Akawaeleza kwa ufupi, kifundo, ndoo, jezi iliyochanika, neno moja la Kocha Hargett. Kicheko kilikufa safu kwa safu. Rosalind aliacha kulia. Alimtazama babake kama mtu ambaye hajawahi kumwona, na kati ya yote ya siku hiyo, hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mtangazaji alisogea, akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Shemasi, kitabu kinasema..."

"Kitabu kiliandika namba," Lucius alisema kwa sauti, wala hakuhitaji kipaza sauti. "Namba iliandikwa sawasawa. Aliyekuwa ndani ya jezi alikuwa mwingine."

"Kitabu cha Maddrey hakidanganyi," mwanamke mmoja alisema kutoka juu, na wengi wakaitikia.

"Hakidanganyi. Mimi ndiye niliyedanganya. Kingelirekebishwa kesho yake kama ningefungua kinywa. Nilinyamaza, nikapata kazi, nikapata jina, nikalila." Alishika kitabu kwa nguvu. "Naomba nisome mstari kama inavyopasa. Namba kumi na nne, kipindi cha pili, Cleophus Yancey, thelathini na moja. Ongeza nane zake za kwanza. Thelathini na tisa. Siku ile rekodi ya chuo ilikuwa thelathini na saba. Aliivunja yeye, si mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Vijana wa kamba hawakujua wavute au waachie. Mzee mmoja wa bodi alinyanyuka, akakaa, akanyanyuka tena. Kule safu ya tatu Cleo alikuwa anasimama, amejishikilia kwenye bega la Inez, goti moja kisha la pili, na Lucius akajua anaondoka. Alikuwa ameambiwa asithubutu, naye amethubutu. Atamwona mgongo wake ukipanda zile ngazi, na huo ndio utakuwa mwisho wa urafiki wa miaka hamsini.

Cleo hakugeuka. Alisimama akashusha pumzi, uso umelowa, wala hakujifuta.

"Hazikuja zote kwa mpigo," alisema. Sauti haikuwa kubwa, lakini ukumbi ulikuwa kimya kiasi cha kusikia viatu. "Mwalimu Faison aliandika kila moja, najua aliandika. Nisomee moja moja, Lucius. Taratibu. Nataka kuona ni ngapi ninazikumbuka."

Lucius alivaa miwani. Akakisogeza kitabu karibu na uso, akaweka kidole chini ya alama ya kwanza.

"Mbili," alisoma.

Cleo alifumba macho, akafikiri, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Endelea," alisema.